Kuhusu kifua cha Idi

New Haven, Marekani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sijambo. Barua yako nimeipata pamoja na picha ya eksirei: moyo wa Idi uko kulia, na kikohozi hakijamwacha tangu azaliwe. Najua watu wanakuambia ulimwogesha maji baridi. Si kweli, na usikubali.

Njia zetu za hewa zimejaa vijinywele vidogo mno viitwavyo silia. Hupigapiga mchana na usiku, vikisukuma makohozi na vumbi kuelekea kooni. Ndani ya kila kimoja mna kiunzi: jozi 9 za vijibomba vya protini ya tubulini zimepangwa kwa duara, na vijibomba viwili vimesimama katikati. Kwenye jozi hizo imeshikizwa protini nyingine, daineni, inayotumia nishati ya seli kuzifanya zitelezeane. Hapo ndipo kijinywele hujikunja.

Kinachonishangaza zaidi ni ujenzi wake. Ndani ya silia hakutengenezwi protini. Kila kipande hutoka ndani ya seli na kupelekwa hadi nchani, maana kiunzi hurefukia huko, kama mnara ambao fundi yuko juu na matofali anapandishiwa. Protini iitwayo kinesini hupandisha mzigo. Daineni ya aina nyingine huurudisha chini. Usafiri huo Keith Kozminski na wenzake waliuona mwaka 1993, hapa hapa katika Chuo Kikuu cha Yale, katika maabara ya Joel Rosenbaum, wakichunguza mwani wa seli moja.

Halafu kuna CCDC39 na CCDC40. Protini hizi mbili hujilaza juu ya vijibomba na kupima hatua za nanomita 96 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ili daineni na viungo vingine vikae mahali pake. Zikikosekana, kiunzi huvurugika, silia hazipigi sawasawa, makohozi yanatuama na vijidudu vinapata makao. Jeni nyingine nyingi zinaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Na moyo? Mimba ikiwa changa, silia maalumu huzunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto, na kwa hilo mwili hupambanua pande zake. Zisipozunguka, moyo waweza kwenda upande wowote; karibu nusu ya wenye maradhi haya viungo vyao vimegeuka. Manes Kartagener wa Zürich aliwaeleza wagonjwa wa namna hii mwaka 1933, lakini ni Björn Afzelius wa Stockholm aliyeonyesha mwaka 1976 kwamba kasoro iko kwenye silia.

Kwa kawaida mtoto hurithi jeni yenye kasoro kwa baba na mama, wao wenyewe wakiwa wazima. Basi wewe na shemeji msilaumiane.

Sisemi kwamba Idi ana maradhi haya ya silia. Vipimo ndivyo vitakavyosema. Mpeleke kwa daktari wa mapafu ya watoto, umtajie kikohozi na moyo kwa pamoja, na masikio yake pia yapimwe. Omba ufundishwe mazoezi ya kutoa makohozi, ayafanye kila siku, na akipata homa ya kifua msikawie kumtibu. Nauli nimeituma kwa simu ya shemeji.

Mdogo wako,
Mjomba wa Idi