Chambo hai kipo, kinatufia ndooni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wanaovua kwa kayaki na mitumbwi midogo huku kwetu Tanga, kuanzia Sahare mpaka Kigombe. Kilio ni kilekile: chambo hai hakipatikani, na kwa kisingizio hicho wapo wanaochota samaki wachanga kwa chandarua cha mbu. Chambo kipo. Kinafia mikononi na ndooni mwetu, na chandarua kinaua kuliko vyote. Tundu zake ni ndogo mno, maji hayapiti vizuri, samaki wanasagana wao kwa wao na magamba yanapukutika kabla hawajafika chomboni. Tena ni kosa kisheria.

Kwanza kuwaita samaki wa chambo. Machicha ya nazi, yale yanayotupwa baada ya kukamua tui, ni mali. Changanya konzi mbili za machicha na nusu kilo ya dagaa wabichi waliopondwa kinuni, kisha konzi moja ya mchanga uliolowa. Mchanga usiusahau: machicha peke yake yanaelea, yanakwenda zake na mkondo, na samaki wanayafuata hukohuko. Dagaa watafute soko la samaki la Deep Sea alfajiri, siku za giza, vyombo vya taa vinaporudi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hao hupumzika, basi weka akiba kwenye barafu. Tia nanga upande mkondo unakotoka, kamba itokee omo (mbele) au tezi (nyuma), kamwe si ubavuni, maana mkondo ukikaza kamba ya ubavuni inapindua chombo chepesi kama hicho. Dondosha bonge la ukubwa wa limau kila dakika tano. Anayemwaga yote kwa mpigo anawashibisha wageni wake, halafu kikande, samaki wa meno makali, wanapanda kutoka mwambani kuja kukata nyuzi.

Kwa vibua na simu (samaki wa jamii ya dagaa), tumia mshipi wa manyoya, ule wa ndoana ndogo ndogo. Kwa kawaida unauzwa na ndoana sita, na hapo ndipo penye shida: aliyekaa kitako kwenye kayaki hawezi kuuinua wote bila ndoana ya chini kumnasa suruali. Ukate katikati ubaki na ndoana tatu, za namba 10 hadi 14, na chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) ya gramu 40 chini. Bandika kipande cha ngisi kisichozidi punje ya mchele. Shusha mpaka chubwi iguse, inua shibiri mbili, kisha tulia. Huu si mchi wa kutwangia. Wa kwanza akishika usikimbilie kuvuta, kutapatapa kwake kunawaita wenzake. Ila ukimwacha sana, nyuzi zinajisokota na utapoteza asubuhi nzima ukifumua.

Kumnasua ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Kibua aliyebanwa kwa mkono mkavu anatoka ute na magamba, na hata akiogelea, hana maisha marefu. Chukua spoki ya baiskeli, ikunje ncha iwe kulabu. Pitisha kulabu kwenye kikunjo cha ndoana, mkono wa pili uvute uzi kuelekea chini huku kulabu ikipanda juu. Ndoana inapinduka, samaki anadondoka mwenyewe ndooni, hakuna aliyemshika.

Mkizi ni wa kimia, wavu wa kurusha kwa mkono, kwenye vijito vya mikoko maji yanapoanza kujaa. Usitupe ukiwa umekaa. Kimia kinataka kiuno na mabega, kikitupwa kwa mikono mitupu kinaanguka kama nguo iliyokunjwa. Shuka, simama kwenye maji ya magoti, na kivuli chako kisitangulie mbele. Penye kina kirefu samaki wanapita chini kabla risasi za kimia hazijagusa mchanga. Angalia na tundu: zikiwa kubwa kwa samaki unayemtaka, anaingiza kichwa, ananasa matamvua, na ukimtoa hapo tayari ni maiti. Kabla ya kutupa kimia karibu na Yambe au Karange, waulize BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi) wa eneo hilo, kwa kuwa visiwa hivyo vimo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyoanzishwa 2009. Na tasi akiingia usimkamate kiganjani, miiba yake ina sumu.

Sasa ndoo. Ya lita 20 ichukue samaki watano wa shibiri moja, si kumi na tano. Iwe ya duara, kwa sababu kwenye chombo chenye pembe wanajigonga pua konani. Maji yakipata joto hewa inapungua, kwa hiyo badili nusu kila dakika kumi na funika kwa gunia lililolowa. Ndoo iliyotobolewa na kuning'inizwa majini ni nzuri chombo kikiwa kimetulia. Ukianza kupiga kafi, maji yanawakandamiza samaki ukutani, ipandishe kwanza. Aliyekufa atolewe papo hapo. Simu ndiye mlegevu kuliko wote, kibua anastahimili kiasi, mkizi ni mgumu.

Kwenye ndoana, chombo kikisogea na mkondo mtoboe mdomo wa juu. Kikiwa nangani mtoboe mgongoni mbele ya pezi, juu juu, usiguse uti. Ukimlenga nguru, weka waya mfupi na ndoana ya pili karibu na mkia, maana nguru hukata nyuma kwanza, na mwenye ndoana moja tu anapandisha kichwa cha mkizi.

Wako,
Mvuvi wa mshipi,
Sahare, Tanga