Risala ya Klabu ya Maktaba kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu. Hatutakuchosha.

Ndugu Mgeni Rasmi, chumba unachokuja kukifungua kilikuwa stoo ya majembe. Vitabu vilipoletwa tulivipanga kwa kimo, virefu nyuma na vifupi mbele, kama tunavyopangwa sisi siku ya kupiga picha. Vilipendeza kweli. Ila ukitaka kitabu fulani, unatoa kimoja kimoja mpaka kengele inagonga, kwa hiyo wengi tulichukua chochote kilichokuwa karibu na mlango.

Mwaka huu mwalimu wetu wa maktaba ametufundisha kupanga kwa namba, kwa mpango alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Masomo yote yamegawanywa katika mafungu kumi: dini iko 200, sayansi 500, kilimo na afya viko ndani ya 600, sanaa na michezo 700, historia na jiografia 900. Hatukukaririshwa. Tulimwagiwa vitabu mezani tukaambiwa tuamue wenyewe kila kimoja kikae wapi.

Hapo ndipo kuku alipotugombanisha. Kilikuwepo kitabu cha ufugaji wa kuku. Nusu yetu tukasema kuku ni ndege, akae na ndege wenzake kwenye 598. Nusu wakasema huyo ni mfugo, akae 636.5. Zogo likawa kubwa mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Mwalimu wetu akauliza swali moja tu: "Kitabu hiki atakuja kukitafuta nani?" Tukajibu, mwenye banda. Kuku akahamia 636.5.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa nukta. Mbuzi ni 636.39, na sisi tukamweka baada ya kuku, maana 39 ni kubwa kuliko 5. Tulikosea. Baada ya nukta husomwa tarakimu moja moja, na 3 hutangulia 5. Mwalimu wa Hisabati anasema desimali zimetuingia maktabani kuliko ubaoni.

Jambo moja halikutufurahisha. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820 nzima, ya Kiswahili imesukumwa huko 896.392, namba ambayo haienei hata kwenye mgongo wa kitabu chembamba. Kwa ruhusa ya mwalimu, hadithi za Kiswahili tumezitoa kwenye foleni hiyo. Zina rafu yao chini ya dirisha, na lebo yenye herufi HAD na herufi tatu za mwanzo za jina la mwandishi.

Changamoto hazikosekani. Lebo tulizibandika kwa gundi ya unga, na mende wamezila; vitabu vingine vimebaki bila namba. Rafu ya juu wadogo zetu wa Darasa la Kwanza hawaifikii. Tena wapo wenzetu wanaorudisha kitabu popote penye nafasi, ndiyo maana tumeweka sheria: ukimaliza kusoma, acha kitabu mezani, sisi wa zamu tutakirudisha.

Tunaomba selotepu pana za kufunika lebo, rafu moja fupi, na daftari kubwa la kuandikia walioazima.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukishakata utepe utapewa kipande cha manila chenye namba, nawe utakitafuta kitabu chake mwenyewe. Atakusindikiza mwanafunzi wa Darasa la Tatu. Anajua kilipo, lakini tumemkataza kunyoosha kidole.

Karibu sana.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Klabu ya Maktaba