Usitie sahihi kabla sijafika

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Huku wazima. Mama mguu umepungua uvimbe, anakusalimu sana. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu, na kila mara nakwama pale pale: huyo bwana anayetaka kukutilia laki mbili kwenye biashara ya keki, naye achukue nusu.

Usimjibu bado. Tangu siku ile namuwaza mpishi mmoja wa Wales, Alana Spencer. Kwao ni upande wa Aberystwyth, mji mdogo wa ufuoni kama wako wa Malindi, ila upepo wake wa baridi. Alianza keki na chokoleti angali kijana mdogo, akizipeleka kuuza kwenye maonyesho ya vyakula. Mwaka 2016, akiwa na miaka 24, aliingia The Apprentice ya BBC, mashindano ya biashara ya kwenye televisheni ya Alan Sugar, tajiri aliyeanzisha kampuni ya kompyuta ya Amstrad. Walianza watu 18, wakipunguzwa mpaka akabaki yeye na Courtney Wood. Akashinda. Pauni 250,000.

Lakini zile si pesa za kutuzwa, Rukia. Zaingia kwenye biashara, na Sugar anakuwa na asilimia 50. Maana yake biashara nzima imekadiriwa pauni 500,000, na pesa zake zimo humo humo. Sasa piga hesabu ya kwako. Laki mbili kwa nusu: amekwambia oveni zako, wateja wako na miaka yako tisa ya kukesha, pamoja na hizo pesa zake, vyote ni laki nne. Oda zako za msimu mmoja wa harusi wazijua mwenyewe. Mimi naona amekupunja.

Zamani mshindi wa mashindano hayo alipewa kazi tu, mshahara wa pauni 100,000 kwa mwaka. Stella English alishinda 2010, kazi ikamshinda kuikalia, akashtaki, na mwaka 2013 akashindwa kesi. Alana yeye aliingia na kitu chake mkononi, tena jina lake limeandikwa kwenye biashara: Ridiculously Rich by Alana. Baada ya miaka kadhaa yeye na Sugar waliachana, na keki akaendelea nazo mwenyewe. Hapo ndipo roho yangu ilipotulia juu yake, na ikaingia wasiwasi juu yako. Wewe ukiachana na huyo bwana, utatoka na nini? Jina la biashara hujaliandikisha. Daftari la mauzo huna.

Wakumbuka ule upishi wa futari niliofungua na mwenzangu pale Makadara? Hatukuandikiana hata mstari, kwa kuwa tulipendana. Ramadhani ilipokwisha kila mtu alikuwa na hesabu yake. Sufuria zangu mbili kubwa sikuziona tena, na yeye hatusalimiani. Sufuria nilizisahau. Yeye bado huniuma.

Kwa hivyo jina liandikishe wiki hii, kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, haichukui muda. Kisha muulize: nusu ya faida, au nusu ya biashara yenyewe? Bei ya keki atapanga nani? Na siku mkiachana, utalinunua fungu lake kwa kiasi gani? Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Akikubali, mweleze robo, na karatasi aisome wakili kabla yako.

Halafu niambie kweli: unalohitaji ni laki mbili, au ni ile oveni kubwa tu? Zamu yangu ya chama ni mwezi ujao. Chukua wewe, unirudishie kidogo kidogo kadiri harusi zinavyokuja. Nilishasema na mume wangu, ameridhia.

Jumamosi nitapanda matatu ya alfajiri. Niandalie hesabu za miezi mitatu, hata kama ziko nyuma ya kalenda, tukae tuziandike upya.

Wako,
Mwanaisha