Shukrani kwa yule kaka wa kituo cha basi London

Jamani sisi wa Ngamiani Tanga, tulimpeleka mama Uingereza kwa dada, siku ya kuzunguka mjini kufika Tower Bridge magoti ya mama yakagoma kabisa, ngazi za treni za chini haziwezi, dada yuko kazini na kadi zote na sisi tuna noti tu, na basi za London toka 2014 hazipokei keshi. Tukawa tunabishana pale kwa sauti (Watanga tunajijua), mara kaka mmoja akageuka, "Shikamoo mama." Weee! Mama alivyofurahi, goti likapona nusu.

Kule kadi moja mtu mmoja, basi akampa mama Oyster yake (kadi ya nauli ya London), mimi kadi yake ya benki, mwenyewe akalipa kwa kugonga simu kwenye mashine, watoto wa chini ya miaka 11 bure. Tukapanda namba 15, watoto mbio juu siti ya mbele, tukapita kanisa la St Paul's hadi Trafalgar Square kwa nauli ya kawaida, yale mabasi ya watalii bei yake balaa.

Hela akakataa, jina hatukuuliza. Kaka, mama anakuombea kila swala, ukija Tanga samaki wa pale Deep Sea kwetu Tanga juu yetu.