Hapakuwa na ng'ombe

Kibosho, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Mama yako amemaliza kuchuma kahawa juzi na sasa mgongo unamsumbua. Ndiye aliyeniambia kwamba umenunua pikipiki, na kwamba Desemba hupandi Costa, unakuja nayo mwenyewe kutoka Tengeru. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikaona kukukataza ni kupoteza vocha bure, maana ubishi huo umeurithi kwangu.

Lakini kwanza kuna jambo. Kovu la goti langu, lile ulilokuwa ukiliuliza ulipokuwa mdogo, nilikwambia ng'ombe alikatiza barabara. Hapakuwa na ng'ombe, mama. Nilikuwa nashuka kwenda mjini, nimetia nyutro na injini nimezima ili niokoe mafuta. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi. Nikawa nashuka huku nimeng'ang'ania breki, nazo zilikuwa za dramu mbele na nyuma. Breki ya dramu ukiisugua mfululizo inapata moto, na ikishapata moto ni kama unakanyaga godoro. Kwenye kona moja nikakanyaga, hola. Nikaingia mferejini na migomba ya watu ikanipokea. Mafuta niliyookoa hayakufika hata nusu lita.

Kwa hiyo mteremko wowote ushuke na gia. Gia ambayo ingekupandisha hapo, hiyohiyo ikushushe. Injini ndiyo ibebe uzito, breki zipe kazi ya kugusa na kuachia. Utawaona vijana wa bodaboda wakikupita kimyakimya, injini zimezimwa, wengine na mishikaki mgongoni, yaani abiria wawili watatu. Wakikucheka, waache wacheke.

Na breki ya mbele usiiogope. Watakwambia itakurusha. Ukiibana kwa pupa kweli itakuangusha, hasa kwenye mchanga au ukiwa umelala kwenye kona. Ila pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. La nyuma peke yake litaserereka tu. Ikamue polepole ukiongeza nguvu, kama unavyokamua ng'ombe (huyu wa kweli, yuko zizini). Tafuta uwanja mtupu siku ambayo huna haraka, vaa helmeti, nenda spidi 30 usimame, rudia mara 20, mpaka vidole vijue vyenyewe. Ukiwa spidi 60 unakwenda karibu mita 17 kwa kila sekunde. Sekunde moja tu ya kushtuka, umeshamaliza urefu wa basi zima na hata breki hujaigusa.

Helmeti usinunue ya mtumba. Iliyowahi kupiga lami, lile sponji gumu la ndani limeshakufa hata kama nje inang'aa. Na ufunge mkanda wa kidevuni. Nawaona wadada wa mjini wameivaa kiwikoni kama pochi.

Sasa njia yenyewe. Kuanzia Usa River mpaka Kikatiti kaa macho na daladala, maana anayeita abiria anasimama popote. Usimfuate karibu, na usimpite upande wa kushoto, abiria atakushukia kifuani. Ukiikaribia njia ya uwanja wa ndege wa KIA nchi inafunguka na upepo unakuja wa ubavuni. Hapo watu wengi hukaza mikono, na hilo ndilo kosa. Legeza viwiko, bana tenki kwa magoti, punguza mwendo. Lori likija mbele yako litakusukuma kwa upepo wake, kisha litakuvuta, basi kaa mbali na mstari wa katikati. Mifugo ya Wamasai nayo ipo pande hizo, na safari hii sitanii.

Mwezi wa 12 ndio wakati watu wa Dar wanapanda kuja kwao. Wengine wameendesha usiku kucha, na watakuja usoni kwako wakiovateki foleni nzima. Taa ya mbele iwashe hata mchana. Ukiona gari linakujia upande wako usianze kupiga honi ya haki, toka pembeni, haki tutadai ukiwa mzima. Na usiku usisafiri kabisa.

Ukishapita Bomang'ombe kuna kona za Kikafu, barabara inashuka mpaka darajani. Punguza kabla ya kona, siyo ndani yake, na macho yako yatazame pale unapotaka kutokea. Ukiitazama kingo ya daraja, utaifuata hiyo kingo. Sijui kwa nini mwili uko hivyo, lakini ndivyo ulivyo.

Cheni na upepo wa tairi utakagua asubuhi kabla hujaondoka, hilo najua unalijua.

Bomang'ombe simama, kunywa chai, unipigie. Kama mvua inanyesha huku juu nitakwambia, na hapo pikipiki uiache mjini kwa baba yako mdogo, nitakuja kukuchukua. Udongo wetu ukilowa unaujua.

Habari ya goti mama yako anaijua tangu siku ile. Wadogo zako bado, usiwaambie. Nitawaambia mwenyewe Krismasi, ukiwepo.

Baba yako