Zubeda, fungua hilo kabati

Bombo, Jumapili usiku

Dada Zubeda,

Salamu nyingi kwenu Arua. Sisi wazima, Hajati anakohoa kidogo tu. Nisamehe kimya changu.

Rehema ameniambia mnafunga kabati la mkate usiku kwa sababu sukari ya mama yenu inaamka juu. Nimeshindwa kulala. Nasi tulimfanyia mama yangu vivyo hivyo! Alilala na kikombe cha uji, asubuhi kipimo kikasoma 9.4. Kaka akamwuliza mbele ya wajukuu amekula nini gizani. Mama akalia. Mimi nilinyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hakuwa amekula kitu, Zubeda. Muuguzi alitueleza kwamba ini huweka akiba ya sukari na kuitoa usiku ili ubongo usikose chakula. Insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, ndiyo huliambia basi, inatosha. Ini la mama halisikii vizuri tena. Misuli nayo ni hivyo hivyo: insulini ikigusa seli, vibebea sukari vilivyojificha ndani hupanda mpaka kwenye utando wake, glukosi, yaani hiyo sukari, ikaingia. Mafuta yakirundikana ndani ya misuli na ini, ule ujumbe hufifia njiani. Kongosho huongeza insulini, huongeza tena, miaka kwa miaka vipimo vinaonekana vizuri, hadi linachoka. Sasa mtu atalaumiwaje kwa mkate wa jana usiku?

Sisemi anywe chai ya sukari apendavyo, hapana. Chapati nazo tumepunguza. Ila kuna jambo lililonipa moyo: misuli ikifanya kazi, vile vibebea hupanda hata bila kuitwa na insulini. Kwa hiyo kila jioni baada ya kula tunatembea na mama yangu hadi sokoni na kurudi, polepole, anasalimia kila mtu. Metformini, dawa yake ya sukari, nayo hulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Juzi asubuhi tulipata 7.2, akanionyesha kipimo mwenyewe.

Nilimwomba radhi, lakini nilichelewa. Wewe usichelewe.

Mama yenu anameza dawa zake na chakula, au tumbo tupu? Amewahi kupimwa ile ya wastani wa sukari wa miezi mitatu? Miguu haimfi ganzi? Na Hassan, bado ndiye anayemfokea? Nije mwezi ujao nizungumze naye?

Dada yako,
Mariamu