Kipimo cha damu kisiifukuze sindano ya kope

Mhariri,

Msomaji wako wa wiki jana anasema kuwadunga nyani na tumbili sindano kwenye kope ili kupima kifua kikuu ni ukatili mtupu, na kwamba siku hizi kipo kipimo cha damu cha dakika 20. Nimestaafu kazi ya kutunza nyani wa utafiti. Kope nimezisoma kwa mamia, naomba nimjibu.

Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi, akatiwa tuberkulini, yaani protini za vijidudu vya kifua kikuu, kidogo mno ndani ya ngozi ya kope ya juu. Husomwa baada ya saa 24, 48 na 72. Kwa nini kope? Ili asilazwe tena. Unasimama nje ya kizimba na ndizi mkononi, anakuja mwenyewe kukukodolea macho, nawe unaona kama kope imevimba na kuanguka.

Sasa, kulikuwa na jike mmoja niliyemlisha miaka sita. Mara tatu alidungwa, mara tatu nikaandika sifuri. Akaanza kukonda, manyoya yakafifia, akaacha hata kugombania mahindi. Alipokufa na kupasuliwa, mapafu yalikuwa yamejaa vinundu vyeupe, ndani kama jibini. Damu yake iliyokuwa imehifadhiwa ilipodondoshewa kikaseti cha hicho kipimo cha damu, kinachofanana na kile cha malaria, mstari ulijitokeza waziwazi. Ugonjwa ukikomaa ngozi huweza kunyamaza kabisa, ilhali damu imejaa kingamwili, zile askari za mwili ambazo kikaseti huzitafuta. Kwa aliyeambukizwa karibuni huwa kinyume: kope inaweza kuvimba na kikaseti kisionyeshe kitu. Ukiitupa sindano, huyo wa pili atarudishwa kundini akawaambukize wenzake.

Na tafadhali, asitoke mtu hapa akaenda kujipimia kifua kikuu chake kwa kikaseti cha namna hiyo. Shirika la Afya Duniani lilivikataa vipimo vya kingamwili kwa binadamu mwaka 2011 kwa sababu vinadanganya mno. Mtu atoe makohozi.

Lakini msomaji wako amewasahau watu. Nyani hazaliwi na kifua kikuu. Mara nyingi sisi ndio tunaompelekea. Wale wa Maasai Mara waliokufa miaka ya 1980 walipata kifua kikuu cha ng'ombe kwenye nyama iliyotupwa jalalani karibu na hoteli ya watalii. Wa vizimbani hawana jalala. Wana mlishaji anayewapumulia usoni asubuhi na jioni.

Pale nilipokuwa, nyani alipimwa kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Mimi nilipigwa eksirei ya kifua mara moja tu, siku ya kuajiriwa.

Mtunza nyani mstaafu,
Ngong